Saba

Bangili zilitoka kwa sabuni,
kisha pini tatu za mtandio, kikuku,
na hirizi ambayo hakuniruhusu kuigusa.
Aliivua mwenyewe, akamkabidhi mjukuu wake Sabiha
pamoja na dhahabu yote, akamwambia: Hesabu.
Bi Mize Shaame, wa Kangagani,
kaja Unguja na meli ya usiku, hajala.

Nikamweleza: mashine itagonga kama mafundi wa bati,
wewe lala tu. Nikisema toa pumzi, toa yote,
kisha usivute mpaka nikwambie.
"Na nikisahau kuvuta?"
Hutosahau, bibi.
"Wewe hunijui."

Toa. Shika.
Moyo ukaja kwenye kioo kipande kwa kipande,
kumi na viwili, kutoka shinani hadi nchani.
Watu husema moyo unadunda.
Mimi niutazamao kila siku nasema unajisokota:
shina linageukia huku, ncha inageukia kule,
mikono miwili juu ya kifumbu,
na tui linatoka.
Nikatandika mistari myeusi juu ya nyama, miraba
kama mkeka mpya; kila pigo likaukunja, likauachia,
nami nikatazama ukili upi umekaza
na upi umelegea.

Hamsini na moja.
Januari, kabla ya dawa ya titi, ulikuwa hamsini na nane.

Saba hiyo inatosha kusimamisha dawa.
Dawa ikisimama, uvimbe utaamka.
Ikiendelea, na saba ni ya kweli,
kifumbu kitachanika mikononi mwetu.

Lakini Januari hakupima mkono huu.
Alipima Fakih, naye vile vinyama viotavyo ukutani
huvihesabu kuwa ukuta.
Mimi niliviacha vielee ndani ya damu.
Tena kipande cha saba kina ukungu:
hapo Bi Mize alivuta pumzi kabla sijamruhusu,
nami nilichora mstari kwa kukisia
kwa kuwa ilikuwa saa saba na nina njaa.

Nikamrudisha kitandani.
"Si mmeshapima?"
Tumepima, bibi. Tunapima tena.
Akanitazama kwa jicho la mtu wa sokoni.
"Kituoni kwetu, msimu wa karafuu, palikuwa na mpimaji,
gumba lake halikutoka ndani ya pishi.
Kila pishi, gumba. Sote tukilijua."
Mkafanya nini?
"Tukamtilia makonyo."

Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia.
Alasiri nzima nilikuwa nikitafuta gumba langu
ndani ya moyo wa mtu.

Nikafuta majina. Nikafuta tarehe.
Nikampa Fakih picha za leo bila kumwambia nimepata ngapi,
nikachukua zake za Januari, nikazichora upya,
kwa kanuni moja tuliyoiandika kwenye karatasi
na kuibandika ukutani kwa plasta:
vinyama ni ukuta. Basi.
Tulibishana juu ya kipande cha mwisho, pale vali inapoanzia,
hadi chai ikapoa na utando juu.

Januari: hamsini na sita.
Leo, mkono wake: hamsini na tatu.
Leo, mkono wangu: hamsini na nne.

Saba imekuwa mbili, au tatu,
unene wa mstari wenyewe.
Sikuandika kwamba moyo ni mzima, sikuruhusiwa na nilichokiona.
Niliandika namba, na kando yake,
mara ya kwanza tangu nianze kazi hii,
nikaandika ukubwa wa gumba letu.
Daktari wake ataamua. Apimwe tena baada ya miezi mitatu,
mashine hii hii, kanuni hii hii.

Nje, kwenye benchi, Sabiha alikuwa amehesabu bangili mara mbili:
tisa, kisha nane.
Bibi yake kamkazia macho, mkono umenyooshwa.
Mtoto akazimwaga zote mapajani,
akaanza upya.